Kutoa sehemu zenye asili tofauti: anza na saa ya ukutani

Kila siku unatoa sehemu bila kujua kwamba unatoa. Mtu akikuuliza saa ngapi ukamjibu "saa tatu kasorobo", umechukua tatu, umepunguza robo, umebaki na mbili na robo tatu. Hukushika kalamu na hukukosea. Lakini mwekee mtoto wa darasa la tano swali la 3/4 − 1/3 kwenye daftari, halafu ngoja. Wengi watakurudishia hivi:

3/4 − 1/3 = 2/1 = 2

Huwa nawasaidia watoto wa mtaani kwetu hesabu jioni, barazani, na jibu hili nimeshalizoea kama sura ya jirani. Ukiliangalia vizuri halina uzembe. Tatu toa moja ni mbili, sawa. Nne toa tatu ni moja, sawa pia. Mtoto kafanya kazi yake kwa uaminifu, ila amemaliza na kitu kikubwa kuliko alichoanza nacho. Nilimwambia mmoja wao, "Yaani ulikuwa na robo tatu ya chapati, ukala theluthi, zikabaki chapati mbili?" Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Kwani mjomba, nikila tena zitakuwa ngapi?"

Mwongozo huu ni wa huyo mtoto, wa mzazi anayekaa naye mezani baada ya chakula cha usiku, na wa mtu mzima aliyeacha sehemu shuleni akadhani hatazihitaji tena. Unahitaji daftari, penseli na saa ya mishale. Kama saa ya ukutani imekufa betri, haidhuru. Tunachotaka ni uso wake.

Namba ya chini ni jina

Tukumbushane istilahi kwanza. Katika 3/4, namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Asili inasema kitu kizima kimekatwa vipande vingapi. Kiasi kinasema wewe umeshika vipande vingapi.

Sasa sikiliza namna Kiswahili kinavyozitamka sehemu hizi: robo tatu, theluthi mbili. Jina linatangulia, idadi inafuata, vilevile kama unavyosema nyumba tatu au sahani mbili. Robo ni jina la kipande. Tatu ni idadi ya vipande. Kwa hiyo asili ni jina la kitu, na majina hayatolewi. Ukiwa na sahani tano ukavunja mbili, unatoa mbili kutoka tano; huitoi sahani kutoka sahani.

Ndiyo maana asili zikiwa sawa kazi ni nyepesi mno. 5/8 − 2/8 ni thumuni tano toa thumuni mbili, zinabaki thumuni tatu, yaani 3/8. Asili inabaki palepale kwa sababu ni jina tu. Ugumu unaanza pale majina yanapotofautiana. Robo tatu toa theluthi moja: hizi ni robo, ile ni theluthi, na kipande cha theluthi ni kikubwa kuliko cha robo. Huwezi kukichomoa kutoka kwenye fungu ambalo hakimo. Lazima vyote vikatwe upya viwe vipande vya jina moja.

Saa inakufanyia kazi hiyo

Mwambie mtoto aangalie uso wa saa. Kuna nafasi 12, kila moja ikianzia namba moja mpaka inayofuata. Robo tatu ya mzunguko inafika kwenye tisa, maana yake nafasi 9. Theluthi ya mzunguko inafika kwenye nne, nafasi 4. Toa: zinabaki nafasi 5 kati ya 12. Jibu ni 5/12.

Kama anapenda dakika, afanye kwa dakika. Robo tatu ya saa ni dakika 45. Theluthi ya saa ni dakika 20. Zinabaki 25, na dakika 25 katika 60 ni hiyohiyo 5/12 ukirahisisha kwa kugawanya juu na chini kwa 5.

Ninaanza na saa kwa sababu mtoto anapoona 9 toa 4, kanuni ya "tafuta asili ya shirika", yaani asili moja ya sehemu zote mbili, inaacha kuwa amri ya mwalimu. Robo imekatwa vipande vitatu vidogo, theluthi imekatwa vinne, na vipande vyote vimekuwa sawa. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopungua.

Saa hukubali asili za 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30, maana zote zinaingia kwenye 60 bila kubakiza. Ukileta 7, 8 au 9 inagoma. Hapo ndipo tunahitaji hatua za kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: zitazame asili kabla ya kuandika chochote

Watoto wengi hufundishwa njia moja ya kila swali, wakaitumia hata pale isipohitajika. Mimi nawaambia wakae sekunde tano wakizitazama asili mbili, wajiulize: moja inaingia kwenye nyingine?

Ikiingia, ile kubwa ndiyo asili ya shirika na unabadilisha sehemu moja tu. Mfano 5/6 − 1/3. Tatu inaingia kwenye sita mara mbili. Basi 1/3 inageuka 2/6, na 5/6 haiguswi:

5/6 − 1/3 = 5/6 − 2/6 = 3/6 = 1/2

Isipoingia, jiulize swali la pili: kuna namba, mbali na moja, inayozigawa zote mbili? Kama hakuna, zizidishe tu. Nne na tatu hazina kigawo cha pamoja zaidi ya moja, hivyo 4 × 3 = 12. Tano na saba, 35. Tatu na nane, 24. Imekwisha.

Linalobaki ni lile kundi la katikati, ambapo asili haziingiani lakini zina kitu cha pamoja, kama 12 na 8. Hapa ndipo KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili, inapokupunguzia kazi.

Hatua ya pili: tafuta KDS

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutaja vigawe vya ile namba kubwa mpaka ukutane na kinachogawanyika kwa ndogo. Kwa 12 na 8: 12, je, inagawanyika kwa 8? Hapana. 24? Ndiyo, mara tatu. Basi KDS ni 24. Kwa maswali mengi ya shule ya msingi njia hii inatosha, na inafanyika kichwani.

Ya pili ni ya kugawanya kwa namba tasa (zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kama 2, 3 na 5), ile ya ngazi. Ziandike asili zote mbili kwenye mstari mmoja, kisha gawanya kwa namba tasa ndogo kabisa inayoweza kugawa angalau mojawapo. Isiyogawanyika unaishusha kama ilivyo.

2 | 12   8
2 | 6   4
2 | 3   2
3 | 3   1
  | 1   1

Zidisha za kushoto: 2 × 2 × 2 × 3 = 24.

Angalia mstari wa tatu. Tatu haikugawanyika kwa mbili, ikashuka ilivyo. Hapo ndipo watoto wengi husimama, wakidhani ni lazima zote mbili zigawanyike, wanaacha ngazi njiani na kupata 4. Ukiona KDS ndogo kuliko asili zenyewe, ujue ngazi imekatika.

Hatua ya tatu: badilisha sehemu zote, juu na chini

Tuchukue 7/12 − 3/8, KDS yake 24.

Kwa 7/12: 24 gawanya kwa 12 ni 2. Zidisha juu na chini kwa 2, unapata 14/24.

Kwa 3/8: 24 gawanya kwa 8 ni 3. Zidisha juu na chini kwa 3, unapata 9/24.

Kosa la hapa ni moja, nalo ni la kubadilisha chini peke yake. Mtoto anaandika 7/24 − 3/24 na kutoa kwa furaha. Mimi huwa namuuliza: ukimpa mwenye duka noti ya elfu kumi akuchenjie za elfu moja moja, ukapewa moja, utaondoka? Hataondoka. Basi na sehemu ni hivyohivyo. Kipande kikigeuka kidogo, idadi lazima ipande. Jina likibadilika na idadi ibaki ileile, umedhulumiwa.

Hatua ya nne: toa viasi, acha asili

14/24 − 9/24 = 5/24

Huu ndio utoaji wenyewe, na ni mstari mmoja. Kazi yote ilikuwa kuandaa.

Wapo waliofundishwa kuzidisha kwa mshazari: kiasi cha kwanza mara asili ya pili, toa kiasi cha pili mara asili ya kwanza, halafu chini unaweka asili mara asili. Njia hiyo ni halali. Kwa 7/12 − 3/8 itakupa 56/96 − 36/96 = 20/96, na ukigawanya juu na chini kwa 4 unarudi kwenye 5/24. Siigombi. Ila kwa mtoto ambaye bado anahangaika na jedwali la nane, kumpa 96 ni kumtafutia kosa lingine. Na akizoea mshazari kabla ya kuelewa, ukimuuliza kwa nini anazidisha hivyo atakuambia "ndivyo inavyofanywa".

Hatua ya tano: rahisisha

7/10 − 1/6. KDS ni 30. Inakuwa 21/30 − 5/30 = 16/30. Zote mbili ni shufwa, gawanya kwa 2, inabaki 8/15. Je, 8 na 15 zina kigawo kingine cha pamoja? Hapana. Umemaliza.

Hapa sina mengi, isipokuwa kwamba kutumia KDS hakumaanishi jibu litatoka limeshasafishwa. Mfano huu tulitumia KDS kamili na bado palikuwa na kurahisisha.

Namba nzima zinapoingia: unakopa moja, lakini moja ina vipande vingapi?

Sehemu hii ndiyo inayoliza watu, kwa hiyo tusiharakishe. Swali:

4 na 1/6 toa 1 na 3/4

KDS ya 6 na 4 ni 12. Badilisha: 1/6 ni 2/12, na 3/4 ni 9/12. Sasa tuna:

4 na 2/12 toa 1 na 9/12

Mbili haitoi tisa. Tunakopa moja kutoka kwenye nne. Nne inabaki tatu. Na ile moja tuliyoichukua tunaigeuza vipande. Vingapi? Asili ni 12, kwa hiyo moja nzima ni 12/12. Tunaijumlisha na 2/12 iliyokuwepo, tunapata 14/12:

3 na 14/12 toa 1 na 9/12 = 2 na 5/12

Kuna binti aliniletea swali hilihili akiwa na jibu la 2 na 3/12, akarahisisha mpaka 2 na 1/4. Daftari safi, mistari imenyooka, kila hatua imeandikwa. Nilitafuta kosa mpaka nikalikuta kwenye kona: alikuwa ameandika 12/12 pale ambapo mimi nilitarajia 14/12. Alikopa kumi. Mbili na kumi ni kumi na mbili. Tangu darasa la pili ameambiwa ukikopa unakopa kumi, na kwenye namba za kawaida ndivyo ilivyo, maana tunahesabu kwa makumi. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye sehemu unakopa asili. Asili ikiwa 12 unakopa 12, ikiwa 7 unakopa 7. Nilimuuliza saa moja ina dakika ngapi. Akasema sitini. Nikamwambia basi ukikopa saa moja hukopi dakika kumi. Alifuta mwenyewe kabla sijamaliza.

Saa inasaidia tena hapa, kwani watoto wanajua vizuri kwamba saa 2 na dakika 10 kutoa dakika 45 ni saa 1 na dakika 25. Wanakopa sitini bila kufundishwa.

Kama kukopa kunakuudhi, kuna njia ya sehemu guni, yaani ile ambayo juu ni kubwa kuliko chini. Geuza kila namba yote iwe vipande: 4 na 1/6 ni 25/6 (nne mara sita, ongeza moja), na 1 na 3/4 ni 7/4. Kisha:

25/6 − 7/4 = 50/12 − 21/12 = 29/12 = 2 na 5/12

Jibu lilelile. Kwa namba ndogo naipenda njia hii, haina mahali pa kusahau. Kwa namba kama 48 na 1/6 toa 19 na 3/4 siitaki, maana utajikuta unazidisha arobaini na nane kwa sita bila sababu.

Na ukipewa namba nzima peke yake, mfano 3 − 2/5, kopa moja uifanye 5/5: 2 na 5/5 toa 2/5 ni 2 na 3/5. Usiandike 3 − 2/5 = 1/5. Nimeiona hiyo pia.

Kwenye karakana ya seremala

Fundi seremala anayepima kwa inchi anafanya hesabu hizi kutwa nzima, na futi yake imemrahisishia jambo moja: mistari kati ya inchi na inchi ni ya nusu, robo, thumuni na moja ya kumi na sita. Kila asili inaingia kwenye inayofuata. Hakuna KDS ya kutafuta. Chukua asili kubwa tu.

Tuseme kipande cha ubao kina inchi 9 na 1/4, na unataka kukata inchi 3 na 5/8. Kitabaki nini?

9 na 2/8 toa 3 na 5/8. Mbili haitoi tano, kopa moja, ambayo hapa ni 8/8: 8 na 10/8 toa 3 na 5/8 ni 5 na 5/8.

Lakini ubao utakaobaki mkononi hautakuwa inchi 5 na 5/8. Msumeno nao unakula. Kama meno yake yanaacha mwanya wa 1/8 ya inchi, toa tena: 5 na 5/8 toa 1/8 ni 5 na 4/8, yaani 5 na nusu. Nilijitengenezea rafu ya vitabu mwaka mmoja nikasahau hiyo thumuni. Nilikuwa na mikato minne kwenye ubao mmoja. Thumuni nne ni nusu inchi, na kipande cha mwisho kilining'inia ndani ya fremu kama jino la mtoto wa miaka sita.

Sehemu tatu kwa mpigo: mfano wa mirathi

Mwambao, sehemu haziishii shuleni. Mirathi ya Kiislamu inagawanywa kwa sehemu sita zilizotajwa: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi, yaani moja ya sita. Asili ni 2, 4, 8, 3, 3 na 6. Anayegawa lazima ajue kutoa sehemu za asili tofauti, la sivyo mtu atakosa haki yake. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, yule mwanahisabati wa Baghdad wa karne ya 9 aliyeandika kitabu cha aljebra, alitenga fungu kubwa la kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Hesabu hii ina umri mrefu.

Chukua mfano huu. Mwanamume amefariki, ameacha mke mmoja, mama yake, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Baba yake alishatangulia. Madeni, gharama za mazishi na wasia vimeshaondolewa. Kwa kuwa kuna watoto, mke anapata 1/8 na mama anapata 1/6. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume akichukua mafungu mawili ya binti. Swali letu: kinabaki kiasi gani?

1 − 1/8 − 1/6

KDS ya 8 na 6 ni 24. Mali nzima ni 24/24. Thumuni ni 3/24. Sudusi ni 4/24.

24/24 − 3/24 − 4/24 = 17/24

Wanazuoni wa mirathi wana jina la hiyo 24: wanaiita asili ya mas-ala. Ni lile neno letu la shuleni, asili, na linafanya kazi ileile.

Tuiweke kwa shilingi. Mali ikiwa shilingi 12,000,000, gawanya kwa 24, kila fungu ni 500,000. Mke mafungu matatu, 1,500,000. Mama mafungu manne, 2,000,000. Watoto mafungu kumi na saba, 8,500,000. Jumlisha, zinatimia 12,000,000. Ile ya watoto sasa inagawanywa kwa nne (kijana mawili, kila binti moja): binti 2,125,000 kila mmoja, kijana 4,250,000. Hii ni hesabu tu. Mirathi ya kweli ipeleke kwa kadhi au mwanazuoni unayemwamini, maana kuwepo au kutokuwepo kwa jamaa mmoja tu kunabadilisha mafungu yote.

Unapotoa sehemu tatu usitoe mbili kwanza ukarahisisha halafu uanze KDS upya na ya tatu. Inawezekana, lakini unafanya kazi mara mbili. Tafuta KDS ya asili zote kwa pamoja, badilisha zote, kisha toa kwa mstari mmoja kutoka kushoto.

Kulihakiki jibu

Njia ya uhakika ni kujumlisha nyuma. Umepata 7/12 − 3/8 = 5/24. Jumlisha 5/24 na 3/8: 5/24 + 9/24 = 14/24 = 7/12. Imerudi ulikotoka.

Njia ya haraka, na ninayoipenda zaidi kwa watoto, ni kukadiria kabla ya kuanza. 7/12 ni nusu na kidogo. 3/8 haifiki nusu. Jibu lazima liwe dogo, chini ya nusu kwa mbali. Ukipata 4/4, maana yake umetoa juu kwa juu na chini kwa chini, na unajua kabla mwalimu hajashika kalamu nyekundu. Ukadiriaji huu ndio ungemwokoa yule wa chapati.

Jaribu haya

Funika majibu kwa kiganja kwanza. Usimruhusu mtoto aruke hatua ya kuzitazama asili.

1. 4/5 − 1/2
2. 7/9 − 1/3
3. 5/6 − 4/9
4. 6 − 3/7
5. 5 na 1/4 toa 2 na 2/3
6. 11/15 − 7/20
7. 1 − 1/4 − 2/5

La kwanza ni 3/10. Asili hazina cha pamoja, unazidisha tu. La pili ni 4/9, na aliyetumia 27 hakukosea, alijichosha: atapata 12/27 na kurudi kwenye 4/9. La tatu ni 7/18. Akipata 21/54 mwambie agawanye kwa 3. La nne ni 5 na 4/7.

La tano ni 2 na 7/12. Kama ameandika 2 na 5/12, usimfutie. Muulize alikopa ngapi.

La sita ni 23/60, na mwenye saa anaweza kulimaliza bila penseli: dakika 44 toa dakika 21. La saba ni 7/20, kwa saa ni 60 toa 15 toa 24, dakika 21.